Gitaa Dogo la Baba

Kaka yangu,

Hatujambo kiasi, ila mimi nakaa nasimama, roho iko juu juu. Juzi nilirudi duka la magitaa mara ya nne, mpaka muuzaji akaniuliza, "Dada, unachagua gitaa au mume?"

Nilitaka la nyuzi kumi na mbili, lakini lenye umbo dogo. Makubwa yote niliyakataa, kwa sababu nikikaa nyuma ya mtu mkono wangu hauzifikii nyuzi. Muuzaji akacheka: nani hupiga gitaa akiwa nyuma ya mtu?

Baba alinikataza nisikuambie, lakini nimeshindwa. Kiharusi kimempoozesha mkono wa kulia tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo yeye anabana nyuzi kwa kushoto, na mimi nakung'uta. Nyuzi kumi na mbili alizitaka mwenyewe. "Lilie kama tuko wawili," alisema, "kama zamani."

Nimelipata, na linamkaa vizuri mapajani. Jana tulijaribu ule wimbo wenu. Tulipofika pale unapoingia wewe, Baba aliachia nyuzi, akanishika mkono nisiendelee, akangoja.

Mdogo wako,
asiyetulia