Kichuguu ya Mama Feza

Mardi, 2 mwezi ya tisa
Mizinga ya faculté, kule chuo kikuu, tupu tena. Banyuki bakubwa, bale ba mwiba, balishahama tangu baridi. Vumbi mpaka mu meno. Njo kusema recherche yangu juu ya banyuki ba kiangazi haina banyuki! Prof aliniangalia tu, akarudia mu bureau yake. Nilikasirika. Nikapanda taxi-moto, route ya Kipushi, kutafuta hata kamoja.

Kumbe! Mu parcelle, kiwanja ya mujane mumoja, Mama Feza, kuko kichuguu inapita nyumba yoyote kwa urefu. Ku ubavu yake, kamurija kadogo ka nta, kama mwisho ya kalamu. Banyuki beusi, badogo sana, banaingia, banatoka. Bale ba kwetu, bale habana mwiba. Na unga ya maua ku miguu! Mu kiangazi hii! Banaitosha wapi? Nilipiga kelele. Mama Feza alikimbia na fimbo, alifikiri ni nyoka.

Jeudi, 4
Nilinunua vernis ya njano, rangi ya kucha, kwa coiffeuse anayesuka nywele mu commune ya Kenya, hapa mujini. Alicheka mpaka machozi: «Sasa banyuki nabo banapaka vernis?» Eh, banapaka! Kwa ncha ya sindano, nukta moja ku mugongo ya kila kanyuki. Nikafwata nukta zangu kwa macho: juu, ngambo ya barabara, mu miti ya musamba. Musamba inatoa maua mbele ya mvua! Maua ya kijani, madogo. Mimi napita chini yake kila siku, macho yangu ilikuwa wapi?

Niko na furaha ya kichaa. Bakubwa banakimbia, badogo banabakia. Lakini ili kuhakikisha ile, lazima niangalie nyumba yao mpaka bakubwa barudie. Na nyumba iko hii moja tu. Bichuguu bingine bya hapa bilishavunjwa, kumebakia mashimo.

Vendredi, 5
Malheur, balaa! Mama Feza alisema bila kugeuka, anaosha sahani: kesho banavunja kichuguu. Udongo yake njo inatosha matafari ya nguvu. Analala chini ya bâche, turubai tu, tangu bwana yake alikufa. Lazima achome matafari mbele ya mvua. Nilimuomba, nilimuomba. «Mwanangu, mvua ikinikuta tena mu bâche, banyuki bako batanifunika?»

Yeye eko na haki. Ile njo inaniuma zaidi.

Samedi, 6
Nilikaa mbele ya kichuguu na blouse yangu nyeupe ya labo kama mwenda wazimu. Bafanyakazi na majembe yao, banangojea. Mwishowe Mama Feza alichoka na mimi: babakishe ubavu wa banyuki, kama kipande ya mukate. Lakini mimi nibebe maji ya kukandia udongo. Nilibeba mabidon mpaka giza. Mabega, Mungu wangu!

Kipande kinasimama. Banyuki banatoka, banaingia. Kichwa inauma, mugongo inauma, lakini nacheka.

Lundi, 15
Tanuru ya matafari iko karibu kabisa na kichuguu. Niliomba baisogeze. Matafari yote ilishapangwa, nani ataibeba? Baliwasha moto. Upepo unapeleka moshi yote kwa banyuki. Saa ya magaribi niliangalia: kamulango kamefungwa. Balijifungia na gundi yao. Naogopa.

Vendredi, 19
Moto ilizimika. Kamulango bado kamefungwa. Niliweka sikio: kimya. Udongo moto ku mukono. Nililia mbele ya Mama Feza, haya gani ile! Kisha akaleta maji yake ya kunywa, akamwaga chini, pole pole, kuzunguka kichuguu yote. «Ipoe,» alisema.

Ninamukasirikia na ninamupenda, pamoja.

Mardi, 23
Wee mama! Asubuhi téléphone, Mama Feza anapiga kelele mu sikio: «Kuya! Kuya! Acha chai!» Nilifika na viatu bya nyumba. Kamurija kapya! Ku mugongo wa kichuguu, mbali na tanuru, nta mubichi bado. Balitoboa upande mwingine! Nikaona kamoja na nukta ya njano. Kangu! Miguu imejaa unga ya musamba. Tulirukaruka sisi babili, yeye na pagne yake ku kiuno inaanguka. Bafundi ba matafari balipiga makofi.

Na mu musamba juu, sauti nzito. Banyuki bakubwa! Balirudia! Badogo habakuhama, balibangojea mu maua. Niliita prof. Alikuja yeye mwenyewe, cravate ku shingo na yote, akapiga magoti mu vumbi. «Andika haraka,» aliniambia. Nitaandika, hata usingizi sitaki.

Dimanche, 12 mwezi ya kumi
Mvua ya kwanza usiku. Misa ilipoisha, nilienda kule.

Nyumba ya Mama Feza ilishasimama. Ukuta wa nyuma unapinda kidogo, unazunguka kichuguu. Fundi alinung'unika, Mama Feza alisema. Ndani kukavu, kunanuka udongo mubichi. Paa ni bati. Ku pembe ya jiko tu kuko bâche ya zamani, na sahani chini yake kwa maji.

Nilimuuliza bati ya pembe ile iko wapi. Alikuwa anachagua maharagi. Alinionyesha inje, kwa kidevu.

Ilikuwa juu ya kichuguu, na mawe mane juu yake. Chini ya bati, banyuki banatoka, banaingia.