Madawati ya Kuazima

Nyumba za Walimu,
Chumba Na. 3.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo, na huo mguu uliouumiza kazini umepona? Wifi naye je? Sisi wazima. Mama bado ana kikohozi chake kilekile na bado anagombana na dawa. Binti yako ndiyo kwanza anarefuka. Viatu ulivyomletea vimeshambana.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli serikali imeongeza fedha za shule. Sikukujibu vizuri, nilikuwa na watu. Ni kweli, kaka. Zimeongezwa, na shule zenye hali mbaya zaidi ndizo zinazoanza kupewa, madarasa na madawati. Sisi hatumo.

Najua utasema nakutania. Darasa la binti yako lina watoto tisini na wanne na madawati kumi na moja. Kama hiyo si hali mbaya, sijui mbaya ikoje.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili tulipata barua kwamba mkaguzi anakuja. Haikusema anakuja kwa ajili gani, na sisi mkaguzi tunamjua: anakuja kutafuta makosa. Mwalimu mkuu akaingiwa na hofu, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kwenye kikao nikasimama mimi, na huu mdomo wangu unaoujua. Nikasema tusijiaibishe, tuazime madawati shule ya kulipia ya hapo jirani, tupake rangi ukuta wa mbele, na nusu ya watoto siku hiyo wabaki nyumbani ili darasa lipumue. Walimu wakanipigia makofi.

Binti yako alikuwa katika ile nusu ya kubaki nyumbani. Aliniuliza amekosa nini.

Mkaguzi alikuja, akaona, akasifu. Tulijiona wajanja kweli, tumefunika kombe mwanaharamu apite. Kumbe alikuwa anapita na madawati yetu. Wiki mbili zilizopita ilitoka orodha ya shule za kupewa, iliyotokana na ukaguzi uleule, na sisi tukaletewa cheti cha pongezi. Mwalimu mkuu amekitundika ofisini. Nikiingia kuchukua chaki naangalia sakafu.

Nilikwenda ofisi ya elimu mwenyewe. Yule mkaguzi hakuwa mtu mbaya, alinikaribisha hata kiti. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimeyaona madawati kwa macho yangu." Nikisema tuliazima, mzee wetu anaondoka bila kiinua mgongo, maana ndiye aliyetia sahihi kwenye ripoti ya ukaguzi. Nikinyamaza, watoto wanakaa chini. Nikamshukuru na kurudi.

Ukaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu. Binti yako atakuwa ameshamaliza.

Usinitumie ushauri, kaka, nimeshaumaliza wote. Wala usitume pesa za dawati moja. Nitaliweka wapi, na nimkalishe nani nimwache nani? Wazazi wanamlaumu mkuu, mkuu hanilaumu mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Naingia darasani kila asubuhi, nawaambia wanyooshe migongo, halafu nakumbuka wameegemea hewa.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Fundi cherehani wa mlango wa pili anauliza utarudi lini, bado ana suruali yako. Mjomba naye anakusalimu, ingawa amekasirika humpigii. Mungu akulinde huko, akuponye mguu, akuepushe na werevu wa aina yangu.

Nikupendaye siku zote, hata leo nikiwa sina la maana la kukuambia,

Dada yako.

Nilitaka kusahau: humu ndani kuna karatasi ya binti yako, amekuandikia mwenyewe. Usimgombeze kwa mwandiko. Nilimwekea meza hapa nyumbani akaandikie. Akaitazama, kisha akakaa sakafuni, akaweka karatasi gotini. Anasema mezani hajazoea.