Betri ya Sauti Yangu

Jumatatu, 4 Mei. Nalufenya

Chai. Dawa. Kusafisha tundu la shingoni, kufunga kitambaa kipya. Kisha laptopu, kama kila asubuhi. Nikaandika "Bwana asifiwe", nikabonyeza, ikasema. Ni sauti yangu mwenyewe. Binti yangu Nekesa alinirekodi wiki mbili mfululizo kabla ya upasuaji wa koo, nikisoma maneno mpaka mate yakanikauka. Sasa nikiandika chochote, mashine inakisema kwa sauti hiyo.

Nikaandika sentensi ya pili. Kioo cheusi. Betri ilikuwa inaonyesha asilimia sitini na tatu.

Na ni mpya. Haijamaliza hata wiki. Ile ya zamani angalau ilikuwa inaaga kabla ya kufa.

Jumanne, 5 Mei

Jinja mjini, kwa fundi Wandera, ndiye aliyeniwekea betri hii. Kwenye waya wake laptopu iliongea vizuri kabisa, ikaniaibisha kama mtoto anayejifanya mzima mbele ya daktari. Tukachomoa waya. Ikazima.

Wandera hakushtuka. "Betri iko mzuri, bwana. Bado yeye hajajua masini. Wewe maliza moto yote, ikizima jaza mpaka mia. Fanya hivyo mara tatu."

Hajajua mashine! Kumbe betri nazo hutambulishwa.

Mteja mmoja alinipigia kelele polepole, neno moja moja, kana kwamba mimi ni kiziwi. Watu hudhani asiyesema hasikii. Mimi Mkenya niliyeuza mitumba hapa Uganda, soko la Jinja, kwa koo tupu, hadi wenye spika walinihama. Nilitamani kumtukana na sikuwa na chaji.

Alhamisi, 7 Mei

Nimemaliza moto, yaani chaji yote, nimejaza. Imekufa kwenye arobaini na moja. Nikaanza upya, umeme ukakatika. Nimekaa bubu mchana kutwa. Jirani alinisalimu nikapunga mkono, akaendelea kungoja jibu, halafu akaona haya akaondoka. Nachukia huruma ya watu.

Jumamosi, 9 Mei

Nekesa amekuja kutoka Mbale. Jumamosi ijayo waposaji wanafika Busiu kumposa, nyumbani kwa shemeji yangu Wamono. Mama yake alipofariki Nekesa alikuwa darasa la tano, na mimi nilikuwa mtu wa barabarani na marobota yangu, leo Busia, kesho Jinja. Wamono akamchukua, akamlea, akamsomesha. Sina ugomvi naye. Lakini pale Busiu watu wengi wanajua baba ni yeye. Nikikaa kimya siku hiyo, itakuwa hivyo milele.

Kwa hiyo nimeandaa maneno. "Nekesa ni binti yangu. Leo namtoa mimi mwenyewe, kwa moyo mweupe." Nikamsikilizisha, waya ukiwa ukutani. Akalia kidogo.

Akashauri tuyahamishie kwenye simu yake, tuwe na uhakika. Nikakataa. Wazee wataniuliza maswali, nataka kuwajibu papo hapo, kama mtu. Simu ni ya kupigia nyimbo.

Jumatatu, 11 Mei

Wandera tena. Ameondoa programu ya betri na kuirudisha. Amesugua meno ya betri kwa spiriti. Hakuna. Nikamwomba nyingine, akasema zinatoka Kampala, labda wiki ijayo. Wiki ijayo ni ya nini?

Jumatano, 13 Mei

Imekaa saa nzima bila waya! Nimeisomesha gazeti zima, hadi matangazo ya vifo. Nimecheka, kimyakimya, jinsi ninavyocheka siku hizi.

Jumamosi, 16 Mei. Busiu

Naandika ili nisiote.

Nilikaa pembeni ya jenereta ya wapiga muziki, waya umechomekwa, hadi msemaji wa waposaji aliposema, "Tunataka kusikia mwenye mtoto." Wamono akanitazama. Nikachomoa. Tisini na sita. Nikatembea hadi katikati ya hema na sauti yangu mikononi. Mikrofoni ikasogezwa. Nikabonyeza.

"Nekesa ni."

Basi. Kioo cheusi. Nikabonyeza, nikabonyeza.

Waposaji wakanong'onezana. Wakadhani nimekaza, kwamba mzee anataka nyongeza. Wakaleta mbuzi mwingine! Nikatikisa kichwa: hapana, sio hivyo. Wakaona mbuzi hatoshi, wakaongeza gomesi, yale magauni ya heshima, kwa mashangazi. Watu wakashangilia. Mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu Mkenya anajua biashara." Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyoongeza. Wamono akainuka, kooni ana jibu tayari. Nilijua akifungua mdomo nimekwisha.

Nekesa akamtangulia. Bibi harusi hasemi siku ile, lakini alipiga magoti mbele yangu, akashika mikrofoni. "Nekesa ni binti yako, Baba. Leo unamtoa wewe mwenyewe, kwa moyo mweupe."

Vigelegele. Wamono akaketi. Kila mtu alifurahi.

Mimi sikufurahi. Mwanangu amejitoa mwenyewe kwa sababu baba yake alizima. Nilimkatalia simu kwa kiburi, na leo yeye ndiye aliyelipa. Nilitaka kumwambia pole. Sikuwa na cha kusemea.

Jumapili, 17 Mei

Sikuamka kwenda kanisani. Sitaki kuonana na mtu.

Jumanne, 19 Mei. Nalufenya

Wandera ameitoa betri. Ilikuwa imevimba. Ameomba radhi, na sikuwa na hasira tena ya kumpa. Laptopu sasa inaongea ukutani tu. Sijaiwasha.

Jioni simu ililia. Huwa hapigi mtu, wote wanajua siwezi kujibu. Nekesa.

"Baba, uko?"

Nikagonga meza kwa kidole.

Hakuuliza tena. Akaweka simu mahali fulani jikoni kwake, akaendelea na mapishi. Nikasikia kisu, maji, sufuria. Mara akamwita mtu, akacheka. Nikagonga tena. "Nakusikia, Baba," akasema, akaendelea kukatakata. Nilikaa hivyo mpaka salio lake likaisha.