Jina Lako Kwenye Jalada

Baba,

Kamwene. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi hapa Ilomba, kila nikianza nasimama. Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama.

Siku tulipokuzika Kilolo, mchungaji alikuita Sadiki. Pale kaburini, mbele ya watu wote. Wewe uliyesahihisha makarani, manesi, hata wakwe zako: "Sadoki! Yule kuhani wa Daudi." Shangazi alipaza sauti mara moja kumrekebisha, lakini udongo ulikuwa umeshaanza kuanguka.

Mchungaji alihamia usharika wetu wewe ukiwa tayari umelazwa hospitalini. Hakukujua. Ndani ya kijitabu cha ratiba mlikuwa na nyimbo tu, na Baba Mdogo aliposoma wasifu wako alilia, akawa anasema "kaka, kaka" mpaka mwisho. Kwa hiyo mchungaji alisoma jina kwenye jalada.

Jalada nililitengeneza mimi, Baba.

Unakumbuka ulipokuja na gunia la viazi, ukakaa pembeni yangu kwenye kompyuta? Nilikuwa nakata herufi R ya nembo ya saluni moja, naigeuza, naichukua kama umbo tu, si ya kusomwa. Ukauliza inasemaje. Nikakujibu haisemi, inatazamwa. Ukaitazama sana, ukasema, "Inapendeza. Mwenye jina lake ameridhika?" Nilicheka. Nilikuona mshamba, Baba. Nisamehe.

Na jina lako nikalifanyia hivyohivyo. O niliikuza mpaka ikajaa ukurasa, ikawa kama jua limechomoza nyuma ya herufi nyingine. Pale ilipotoka pakabaki uwazi ambao haukunipendeza, nikasimamisha mstari mmoja mwembamba. Ukisoma haraka, ni Sadiki. Sikumwonyesha mtu kabla ya kuchapa. Nilijua ni zuri.

Tena kuna hili, linaniuma kuliko yote. Asubuhi ya mazishi, akina mama wakipika, nilikuwa nyuma ya jiko la msiba na simu. Nilikuwa nimeliweka jalada mtandaoni. Wewe umelala sebuleni, mimi nasoma sifa.

Baada ya wiki mchungaji alikuja nyumbani. Alivua kofia, akamwomba Mama msamaha, akasema kosa ni lake. Nilikuwa nammiminia chai. Hakutaja jalada. Alinitazama mara moja tu, nikainamia birika. Nadhani alijua. Mama alimsamehe, mimi nikamwongezea sukari.

Watu hawajamsamehe. Wanasema ni mgeni, hajui kondoo wake. Juzi Mama kanipigia, anasema wazee wengine wameanza kutaka ahamishwe, na jina lako ndilo wanalotanguliza. Miezi mitatu nimemwacha abebe mzigo wangu.

Kazi sijaiacha. Kuna mama wa Kihesa anaoka mikate, nimelaza herufi B ikawa mikate miwili inayoumuka. Nilimpelekea kwanza, nikamwomba aisome kwa sauti. Aliisoma. Nilifurahi, halafu nikaona haya kwamba yeye nimemuuliza, na wewe sikukuuliza wala sikuuliza watu wako.

Jana nilimwandikia mchungaji, nikamweleza yote, nikaomba dakika mbili Jumapili baada ya matangazo. Alijibu maneno mawili: "Karibu, binti." Nilitamani anigombeze.

Jumamosi nitafika nyumbani. Nitamwambia Mama kwanza, jikoni, tukiwa wawili. Sijui atanitazamaje. Jumapili nitasimama mbele. Sitasema kompyuta ilikosea, wala kwamba nilikuwa na majonzi. Nitasema nilitaka kusifiwa, na mchungaji hana kosa.

Kwaheri, Baba. Pumzika. Nakuahidi nitapaza sauti mpaka benchi za nyuma, kwa wale wazee wasiosikia vizuri.

Binti yako,
Upendo