Muhtasari kwa Mwandiko Wangu

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mkutano wa kijiji. Ng'ombe watatu wameingia kwenye mahindi ya Mzee Oswald — nusu eka imelala chini. Ana haki ya kukasirika. Lakini ng'ombe ni wa nani? Hakuna anayejua. Mwenyekiti Zabron wala hakuuliza. Akasema Mang'ati, hawa wafugaji, ndivyo walivyo, wanazaana kama nzige, na wenyewe wala si raia. Watu wakapiga makofi. Akanigeukia: karani, andika, "wahamiaji haramu wamevamia kijiji."
Nikaandika. Mwandiko safi kabisa.

Jumatano, 12 Machi
Udameda, mama wa Kimang'ati, kaja asubuhi. Mwaka wa tisa huu anatuletea maziwa. Leo hana kidumu. Mumewe kachukuliwa na polisi jana, yuko Kilosa mjini, anatakiwa athibitishe uraia. Mtu wa Hanang, wilaya ya humu humu nchini! Hanang imehamia nchi gani?
Kanipa karatasi waliyomwachia, nimsomee, yeye hakusoma shule. Nakala ya muhtasari wangu. Nikasoma hadi "haramu". Akauliza, haramu kama nguruwe kwa Waislamu? Nikasema hapana, ni neno la ofisini. Akauliza nani kaandika. Nikamwambia.
Akajifunga shuka, akaondoka. Heri angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kwa mwenyekiti. Shikamoo yangu hakuiitikia. Nikamwomba tusahihishe: ng'ombe watatu, mwenyewe hajulikani, basi. Hilo ndilo lililotokea. Akasema hayo ni maneno ya wananchi. Nikamwambia ni yako, nilikuwepo.
Mdogo wake kahamia Mikumi juzijuzi, kanunua eka kumi, kajenga gesti. Huyo anaitwa mwekezaji. Nikamwambia na hilo pia.
Akacheka. Babu yako si alitoka Burundi, akaja na manamba kukata katani? Mgeni anamtetea mgeni mwenzake.
Nina hasira — na woga kidogo, nisijidanganye. Nimemweleza baba. Mzee Valentino, miaka sabini, kitovu chake kimezikwa kwenye kambi ile ile ya katani tunamoishi. Akasema, acha mwanangu, sisi tumezoea.
Mimi sijazoea. Na hiyo "tumezoea" imeniuma kuliko kicheko cha yule.

Jumatatu, 17 Machi
Naandika hapa ofisini, watu wanaingia. Nitasoma muhtasari wa wiki iliyopita ili uthibitishwe. Lile neno "haramu" nimelikata kwa mstari mmoja, nikatia sahihi pembeni. Udameda kaja peke yake. Mumewe bado. Kaketi benchi la nyuma, na wanawake wamesogea, wamemwachia benchi zima.
Mwenyekiti kaniwekea ajenda mezani sasa hivi. Ya pili kaiongeza kwa kalamu: uhakiki wa uraia, wakazi wa kambi ya zamani ya katani. Majina sita. La kwanza ni la baba.
Baba huyo anaingia. Kavaa koti lake la Jumapili. Hajui. Ameangaza macho kutafuta pa kukaa — kaenda kuketi na Udameda.
Wananiita nisome