Asilimia Ishirini ya Mwanga

Jumatatu, 3 Februari

Taa ya tangi la samaki imechoka. Hakuna ubishi. Miaka sita na aina ileile ya mirija, nikiibadilisha kila mwaka kwa nidhamu zaidi kuliko ninavyokata nywele zangu — na sasa mwanga wake ni kama mshumaa nyuma ya pazia. Leo nimekaa mbele ya kioo nusu saa nikiyatafuta Vifungo, yale matumbawe madogo ya duara kwenye jiwe la kushoto. Sikuyaona mpaka nilipobandika pua kwenye kioo.

Mke wangu akapita na ndoo ya nguo. Akauliza, mke mwenzake ana nini leo? Ndivyo anavyoliita tangi. Nikamwambia yuko gizani. Akasema yeye anaona panawaka vizuri tu. Huyu kwake taa ikiwaka imewaka, basi! Nitanunua LED. Nimeahirisha vya kutosha.

Jumatano, 5 Februari

Dukani kwa Bwana Chumvi. Tunamwita hivyo kwa sababu anauza chumvi ya matangi, na kwa sababu stori zake zote zimetiwa chumvi. Lakini kwenye taa hana mchezo. Alitoa tatu, akaziwasha moja moja juu ya beseni la maji.

Ya kwanza bapa, ndefu kama rula, inamwaga mwanga sawasawa kila kona. Ya pili ndogo, ya shingo inayopinda, inalenga mahali pamoja. Ya tatu ni dude — wati mia na sitini, feni mbili mgongoni. Hiyo, alisema, ni ya tangi la lita mia nne. Langu ni lita sitini.

Akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndani ya ngozi ya tumbawe kuna mimea midogo isiyoonekana. Ndiyo inayolipa rangi, ndiyo inayolipikia. Mwanga ukizidi ghafla, tumbawe linaifukuza, linabaki jeupe, na njaa inamaliza kazi. Kwa hiyo buluu nyingi, nyeupe kidogo, uanze na asilimia ishirini, upandishe polepole wiki baada ya wiki. Ya bapa ingenitosha kabisa.

Nikaitazama ya bapa. Nikamwambia hii mbovu, haifiki hata nusu. Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Mama mmoja aliyekuwa ananunua chakula cha samaki akasema mbona yeye inamchoma macho.

Nikachukua dude.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeifunga mwenyewe. Skrubu ya pili ilinidondoka mara tano — vitu vidogo siku hizi vina ukorofi. Nikaanza na asilimia ishirini kama nilivyoagizwa. Kitu gani hicho! Ukungu. Nikapandisha. Arobaini, ukungu. Sabini, afadhali. Mia —

Nimewaona! Nimewaona wote! Vifungo, yale matumbawe ya Uyoga, na Nyundo, tumbawe langu kubwa la katikati, vichwa kumi na kimoja, vidole vinacheza. Niliinunua ikiwa na vichwa viwili tu. Machozi yalinitoka, siwezi kujificha kwenye daftari langu mwenyewe. Kumbe ilikuwa taa. Kumbe ilikuwa taa tu!

Nimeacha kwenye mia. Saa tisa kwa siku.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya kazini. Natengeneza meno ya bandia, mwaka wa thelathini na saba huu. Rangi ya jino ndiyo jina langu. Daktari wa meno huandika namba, mimi huchanganya, naoka, nalinganisha na sampuli kwenye mwanga wa dirisha, na jino linaingia mdomoni kama lilizaliwa humo. Leo amerudisha jino la mbele la mwalimu mmoja. Limekosea rangi kwa ngazi mbili. Mwalimu alicheka mbele ya kioo, kisha akafunga mdomo na hakuufungua tena.

Fundi mwenzangu, anayekaa meza ya pili, akaniwekea sampuli mbili kwenye kiganja. Akaniuliza polepole ipi nyeusi zaidi. Nikamwambia anichunge nisije nikamvunjia heshima. Akazichukua. Akarudi nazo mezani kwake. Afadhali angenijibu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimegonga mlango wa kabati kwa nyusi ya kushoto. Nani anaacha milango wazi nyumba hii? Mke wangu amesema haukuwa wazi zaidi ya siku nyingine.

Sijambishia.

Jumapili, 16 Februari

Nyundo inang'aa! Sijawahi kuiona hivi. Kwenye ile mirija ilikuwa ya kijani cha matope. Sasa inatoa mwanga kama taa nyingine ndani ya taa. Nikamwita mke wangu aje kumsalimia mke mwenzake aliyevaa nguo mpya.

Alikuja na taulo mkononi. Akatazama. Akatazama tena. Akauliza, hivi huwa inatakiwa kuwa nyeupe?

Nikasema huo ni mwanga.

Akasema, baba, mwanga naujua. Hii ni nyeupe kama mfupa. Na hivi vidogo vya huku kushoto vimeshakuwa utelezi.

Nilimfokea. Kwamba kwa miaka sita hajui hata jina la samaki mmoja, leo amekuwa mtaalamu. Alijifuta mikono, akaenda jikoni. Nilimsikia akipiga simu kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 17 Februari

Bwana Chumvi amekuja nyumbani. Hajawahi kuja. Alivua viatu, akachuchumaa mbele ya tangi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na stori.

Vifungo vimekufa vyote. Uyoga umeyeyuka, alitoa mabaki kwa kijiko. Nyundo imebaki na vichwa vinne vilivyo hai, vyeupe pe. Akauliza taa niliiweka ngapi. Mia. Kuanzia lini? Siku ya kwanza. Akaishusha mwenyewe mpaka ishirini. Kwangu sebule nzima ikaingia giza.

Kisha akaniuliza: "Mzee wangu, kwani hukuona?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Pampu tu ilikuwa inanguruma.

Sasa niandike. Nimezunguka vya kutosha, na humu ndani hakuna wa kumdanganya.

Miaka mitatu iliyopita nilipima macho kwa ajili ya miwani. Daktari akasema nina presha ya macho. Akanipa dawa ya matone, kila siku, maisha yangu yote. Nilitumia chupa mbili. Yaliniwasha, yalinifanya macho mekundu mbele ya wateja, na nilikuwa naona vizuri tu! Nikaacha. Sikumwambia mke wangu. Nilijua baba yangu alivyokuwa. Alipofika umri wangu huu alikuwa anatembea kwa kupapasa ukuta, nasi watoto tukidhani ni uzee. Nilijua kabisa. Nikatupa chupa.

Sikio la kufa halisikii dawa — nimewaambia wengine methali hiyo mara ngapi?

Alhamisi, 20 Februari

Daktari wa macho, na mke wangu pembeni. Niliweka kidevu kwenye mashine, nikaambiwa nibonyeze kila nikiona kidoti cha mwanga. Nikasubiri. Nikadhani hajaanza. Akaniambia tumemaliza upande wa kushoto.

Jicho la kushoto limebaki na tundu dogo la kuonea, la kulia zaidi kidogo ya nusu. Nikauliza upasuaji. Akasema upasuaji na matone ni kulinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Alisema taratibu, kwa sentensi fupi, na nikamshukuru kwa hilo.

Mke wangu hakulia pale. Alilia kwenye ngazi za kushukia. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini nilimwacha alale miaka mitatu kitanda kimoja na siri hiyo. Nikatafuta jibu. Niliona aibu, ndilo jibu. Nilimpa hilo. Halikumtosha, na kwa kweli halitoshi.

Jumamosi, 22 Februari

Taa iko ishirini. Bwana Chumvi anasema Nyundo ikiachwa hivyo huenda ikajirudisha. Tumbawe jeupe si lazima liwe maiti. Likiwa bado na ngozi linaweza kupata mimea yake tena, wiki sita, miezi miwili. Likipigwa na mwanga mkali tena hata kidogo, kwaheri.

Kwa hiyo mambo yako hivi. Mwanga ambao Nyundo inaweza kuuvumilia, mimi sioni kitu ndani yake. Mwanga ambao mimi naona, unaiua. Nilichagua taa kwa macho yangu, nikasema ni kwa ajili yao.

Mke wangu ameanza kunisomea tangi kila asubuhi, kama mtu anavyomsomea mwenzake gazeti. Vichwa vinne bado vipo. Vimefunga. Vimefungua kidogo. Samaki yuko nyuma ya jiwe. Anaita vidole "tambi". Sijamsahihisha.

Jumatano, 26 Februari

Nimewaambia kazini. Wamekuwa wema — wema ule wa kumkalia mtu karibu mno. Rangi zote sasa atafanya fundi mwenzangu. Mimi nitasugua na kung'arisha, kazi ya vidole, kazi niliyoanza nayo nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mkuu wa maabara alisema "kwa sasa tuone." Halafu akajishika mdomo.

Matone asubuhi na jioni. Yanawasha vilevile.

Jumapili, 2 Machi

Naandika kwa kalamu nene. Daftari litaisha upesi.

Asubuhi mke wangu alichuchumaa mbele ya kioo, akakaa hapo, kisha akasema kichwa kimoja kimerudisha rangi. Nikauliza rangi gani. Kijani, hafifu, kwenye ncha za tambi. Kichwa kipi? Cha kulia, akasema. Halafu akasema cha katikati.

Nimeishi naye miaka thelathini na mmoja. Akisema kweli, husema haraka na kuondoka zake. Akitaka kunituliza hukaa, na hunishika mgongo. Leo alikaa. Na alinishika mgongo.

Bwana Chumvi alisema wiki sita. Hii ni ya pili. Nikimpigia kumuuliza, nitajuaje kama hawajapatana? Ndivyo nilivyo sasa, mtu wa kushuku watu wawili wanaonitakia mema. Nami niliwadanganya miaka mitatu! Sina hata haki ya kukasirika. Lakini nataka kujua. Si kuambiwa — kujua. Nikianza kuamini rangi kwa kuambiwa, basi limekwisha, nimeshakuwa baba yangu na mkono ukutani.

Ametoka kununua mkate. Niko peke yangu na kisanduku cheusi kinachonguruma. Kitufe cha taa nakijua kwa kidole, kila mbonyezo ni asilimia kumi. Dakika moja tu. Bwana Chumvi alisema hata kidogo. Hakusema dakika moja.

Thelathini. Giza.

Arobaini. Giza.

Hamsini. Kivuli cha jiwe, au nadhani tu.

Sitini, sabini. Shina la Nyundo! Vichwa, viwili, labda vitatu. Rangi sijui.

Themanini. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye kitufe. Kuna kitu kwenye ncha. Kinaweza kuwa kijani. Kinaweza kuwa hamu yangu.

Tisini. Vidole vinajikunja, hilo naliona. Vinajikunja vyote kwa pamoja.

Mlango wa mbele. Amerudi mapema. Ananiita kutoka koridoni, anauliza mbona sebule imewaka hivyo. Sijamjibu. Bado mbonyezo mmoja.