Mabaki ni ya Njiani

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumanne, tarehe 4 Februari

Mpendwa mwanangu,

Kabla sijafika mbali, nakujulia hali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwenzio, na kwamba yale mafua uliyomtajia mama yako yameshaondoka. Kazini je? Bado unapima watu macho pale dukani kwenye miwani, au wamekupandisha ghorofa ya juu kama walivyoahidi? Mimi sijambo. Nakula, nalala, naamka. Watu wakiniuliza habari najibu nzuri, na sioni kama nimesema uongo wala kweli. Magoti ni yale yale.

Mama yako naye hajambo. Kila asubuhi hufungua dirisha la chumba alichokuwa akifanyia kazi baba yako, mdogo wangu, na jioni hulifunga. Hasemi kwa nini, nasi hatumwulizi. Kiti cha marehemu kimehamia kwangu, kwa kuwa changu kilikatika mguu. Siku ya kwanza nilikikalia nikingoja nijisikie vibaya. Sikujisikia chochote. Ni kiti imara, hakilii.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nitaanzia mbali kidogo, maana unanijua: miaka thelathini na minne ya kufundisha hesabu haimtoki mtu kwa kustaafu.

Unakumbuka programu aliyoiandika baba yako alipokuwa mfamasia wa zahanati, ile ya kutoa kadi za dawa. Mgonjwa anapewa vidonge, kompyuta inahesabu vitamtosha siku ngapi, kisha inachapa kadi yenye tarehe ya kurudi. Aliiweka huria, yaani kila mtu aweza kuisoma, kuitumia na kuirekebisha bila kumwomba ruhusa mtu. Leo inatumika katika zahanati arobaini na moja. Wengi wa wanaoitumia hawajui kwamba mwenyewe alifariki.

Lugha aliyoiandikia imezeeka. Lugha za kompyuta hutolewa matoleo, kama vitabu vya shule. Toleo jipya likija, la zamani huendelea kutumika kwa muda, kisha wenye lugha hutangaza kwamba hawalitunzi tena; likitoboka, halizibwi. Baba yako aliambiwa hayo miaka mingi. Kila nilipomkumbusha alisema, "Kesho, kaka." Sasa zahanati zote zinapewa mashine mpya mwisho wa mwezi huu, na mashine hizo haziliendeshi toleo la zamani kabisa. Programu isipohamishwa, asubuhi ya tarehe mosi Machi hakuna kadi itakayotoka.

Basi nikaihamisha mimi. Usicheke. Nilikuwa namsaidia tangu nistaafu, na alinifundisha kuliko nilivyowahi kumfundisha yeye. Alikuwapo pia mhandisi mmoja wa mbali, sijawahi kumwona sura, anajiita Kobe. Kila nilichoandika alikipitia mstari kwa mstari na kuniandikia, "Safi, Mzee." Mgema akisifiwa, unajua mwisho wake.

Mwanangu, hapa nakuomba usome polepole. Katika toleo la zamani, ukiiambia mashine igawanye hamsini kwa tatu, inajibu kumi na sita. Kinachobaki inakitupa, wala haikwambii. Katika toleo jipya inajibu kumi na sita na theluthi mbili. Kwa mwalimu wa hesabu hilo ni jambo la kufurahisha. Nilikuwa nimegombana na baba yako juu ya kugawanya huko kwa miaka. Nilimwambia kwamba mwanafunzi wa darasa la tano akileta jibu kama hilo anarudishiwa daftari. Yeye alikuwa akicheka: "Kaka, hesabu yako ni sahihi ubaoni. Lakini mgonjwa hanywi theluthi mbili ya siku."

Pembeni ya mstari huo aliacha maneno ambayo mashine haiyasomi, ni ya kusomwa na watu tu. Yalisema: *Usiguse. Mabaki ni ya njiani.* Niliyaona. Nilidhani ni kisingizio chake cha kutetea hesabu mbovu. Nikayafuta. Kwa kuwa kadi haiwezi kuandika theluthi, nikaiagiza mashine ichukue namba nzima iliyo karibu, yaani kumi na saba. Kobe akaandika, "Safi, Mzee."

Nakala ya majaribio nilimpa muuguzi wa zahanati iliyo karibu na kituo cha mabasi, yule mwenye sauti nene aliyekuja msibani na sufuria zake. Wiki tatu baadaye alikuja hapa nyumbani akiwa na kadi mkononi. Hakukaa.

"Mwalimu," akasema, "hii kadi yako imeongeza siku ambayo haina vidonge."

Nikamwambia hesabu iko sawa. Akaniambia nihesabu kwa vidole. Nikahesabu. Vidonge hamsini, vitatu kwa siku. Siku kumi na sita zinakula arobaini na nane. Vinabaki viwili. Siku ya kumi na saba, asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni hakuna.

Kadi ilikuwa ya fundi cherehani mwenye kifafa, mtu asiyekosa dozi hata moja, kwa sababu hufuata kadi kama ilivyoandikwa. Aliifuata. Alfajiri ya siku ya kumi na nane alikuwa akipiga pasi sare za shule, akaanguka, na pasi ikamlalia mkononi. Yu hai. Nimekwenda kumwona. Mkono umefungwa kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Akaniomba radhi kwa kuwa hakuweza kusimama kunipokea. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, tena kwa kirefu, maana ndivyo ninavyojua. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa nirudi lini kuchukua dawa?" Nikamtajia tarehe. Nilipofika nyumbani nikanywa chai.

Sasa nimeelewa maneno ya baba yako. Mgonjwa akiitwa baada ya siku kumi na sita, anakuja akiwa bado na vidonge viwili. Gari likiharibika, mvua ikikata barabara, foleni ikiwa ndefu, anavyo vya kushikilia. Hakuwa amekosea kugawanya. Alikuwa akimfungia mtu masurufu ya safari.

Kosa nimelirekebisha. Maneno yake nimeyarudisha mahali pake, neno kwa neno. Kobe amepitia upya, mara hii hakusema safi, ametuma kadi mia mbili alizojaribu mwenyewe. Zahanati mbili nyingine zilizokuwa zimejinakilia ile mbovu kwa muuguzi zimeacha kuitumia.

Linalobaki ni mlango. Zahanati zote huchukua programu mahali pamoja tu mtandaoni, na baba yako alipafunga vizuri ili mtu asiweke humo nakala iliyochezewa. Nywila, yaani neno la siri, ninayo. Lakini ukiiingiza, namba ya tarakimu sita hutumwa kwenye simu yake, na bila namba hiyo hapafunguki. Niliwaandikia wenye mtandao. Wanataka cheti cha kifo, barua ya mahakama na miezi mitatu. Sisi tuna wiki tatu na siku chache.

Simu iko kwako. Nakumbuka uliyoniambia kwenye veranda siku ya tatu ya msiba: "Baba mkubwa, nitaiweka, lakini kuiwasha siwezi." Nilikujibu kwamba hakuna atakayekuomba uiwashe. Leo ni mimi ninayeomba. Nilikupigia mara tatu, hukupokea, na sikulaumu; na mimi ningeacha ilie.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Jumamosi tarehe 22, saa nne asubuhi ya huku, ambayo kwenu ni saa saba mchana, nitaingiza nywila. Namba itafika kwake. Inadumu dakika kumi. Wewe niandikie namba tu, huna haja ya salamu wala maelezo. Ikichelewa nitaomba nyingine, na nyingine, hadi saa sita. Laini yake mama yako ameiwekea salio, bado inafanya kazi.

Jambo moja ulijue kabla. Simu ikiwaka, italeta na ujumbe wangu wa sauti wa Jumatano ile aliyotutoka. Hakuwahi kuusikia. Nilikuwa namgombeza juu ya kugawanya, na juu ya kesho zake. Unaweza kuufuta bila kuusikiliza. Ukiusikiliza pia si vibaya. Mimi siukumbuki wote, nakumbuka tu kwamba ulikuwa mrefu.

Nisalimie mwenzio, na yule mjukuu wangu Kidole. Mwambie kitabu chake cha kuzidisha nimekipata, nitakituma. Mama yako anakusalimu, anasema upige hata kama huna la kusema. Shangazi yako mkubwa anasalimu pia, na analalamika kwamba picha ulizotuma hazionyeshi miguu, hivyo hajui kama umekonda.

Mungu akulinde uendako na urudiko, na kila akikupimia siku, akuachie vidonge viwili vya njiani.

Ni mimi nikupendaye, nitakayekuwa mezani tangu saa nne,

Baba yako mkubwa